Jumapili Niliyokuficha, Papa

Papa mpendwa,

Leo ni Jumatatu, jana tumewasha mshumaa wa tatu wa Majilio, na mvua imekatika asubuhi hii hapa Mulongwe, Uvira. Nimekaa mlangoni na daftari la mjukuu wako magotini. Nimelichomoa karatasi za katikati bila ruhusa na akitoka shule atanilalamikia, lakini ndilo lililokuwa karibu. Nakuandikia kwa sababu kuna neno nililokuficha tangu mwaka wa arusi yangu, na sitaki Noeli hii inikute nalo tena. Usishtuke, si neno la msiba. Ukilisikia utacheka, ninavyokujua. Mimi ndiye lililonikaa kooni miaka yote hii kama mwiba wa samaki.

Siku tulipokuzika, mzee mmoja wa kijiji chetu cha Nyakabere alisimama kusema maneno ya kuaga. Alianza vizuri sana, kwa jina lako kamili la ubatizo, kisha akasahau alipofika, akapapasa kidogo, akamaliza hivi: "Basi ndugu zangu, Jumapili Tatu ametuacha." Watu walicheka huku wanalia. Hata Padri aliinamisha kichwa ili tusimwone. Mimi sikucheka, Papa. Nilishika mkono wa Mama, nikaangalia chini, kwa sababu jina lile mimi ndiye niliyekuletea.

Nikukumbushe tangu mwanzo, maana najua barua hii itasomwa na wengi kabla ya kukufikia wewe.

Mwaka ule Noeli iliangukia Jumapili. Mimi na Bonifasi tulikuwa tayari kufunga ndoa, ng'ombe wa mahari walikwisha pokelewa, na wewe ukakaa kwenye kigoda chako mbele ya nyumba kutafuta tarehe. Kwetu, kila mtu anajua, katika Majilio hakufungwi ndoa. Kijitabu cha kalenda ya Kanisa kilikuwa kimelowa paa la sakristia lilipovuja, kurasa zimeshikana, hakisomeki. Ukasema huna haja nacho. Ukainua mkono, ukahesabu kwa vidole ukirudi nyuma.

"Noeli iko siku ya Mungu, tarehe makumi mbili na tano. Hiyo moja. Kumi na munane, mbili. Kumi na moja, tatu. Tarehe ine, ine. Majilio inaanza tarehe ine. Arusi tunaiweka siku ya posho, Jumamosi ya tarehe tatu. Tunapita kabla mulango haijafungwa."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akakuuliza, "Uko na hakika?"

"Minye ni katekista myaka makumi tatu," ukamjibu, "na weye unaniuliza Majilio?"

Hapo ndipo ulipokosea, Papa. Noeli yenyewe si Jumapili ya Majilio. Ikiangukia Jumapili, unaiacha, unaanza kuhesabu na ile iliyoitangulia. Wewe uliihesabu, ukabakiza Majilio yenye Jumapili tatu tu. Umewafundisha watoto wa Nyakabere jambo hilo hilo ubaoni, kwa chaki, mwaka baada ya mwaka. Lakini siku ile ulikuwa unamwozesha binti yako wa kwanza, na furaha ilikuvuruga hesabu.

Hakuna aliyekusahihisha, maana kijiji kizima kilijua tarehe za Kanisa kwa kukuuliza wewe. Tangazo la ndoa ulilisoma mwenyewe. Huko Uvira kwa akina Bonifasi nako walisoma majina, hawakuangalia siku. Padri wa zamani alikuwa amehamishwa, na Padri mpya alikuwa bado anajifunza njia za kwenda makanisa yake madogo. Basi tukaalika watu. Ndizi za pombe zikafukiwa ziive. Wasichana sita wa kunisindikiza wakashonewa magauni ya satini ya waridi, rangi uliyosema inaumiza macho.

Sasa sikiliza nililoficha.

Wiki mbili kabla ya siku ile, Mwalimu Petero wa kwaya alirudi kutoka parokiani na karatasi ya nyimbo. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kwaya, akanipa nizinakili. Juu ya karatasi kulikuwa kumeandikwa kwa wino mwekundu: Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 27 Novemba. Nilisoma mara mbili. Nikahesabu kwa vidole kama wewe, kisha nikahesabu vizuri. Arusi yangu ilikuwa imewekwa ndani ya Majilio. Ningekuambia siku ile ile, tungeivuta mbele kwa juma moja, ikafungwa tarehe 26, na mambo yakaisha. Nilikunja karatasi, nikaitia katikati ya kitabu cha nyimbo, nikaja kukusaidia kufunga mbuzi.

Kwa nini? Nimejidanganya kwa majibu mengi. Nilisema ni heshima, kwamba mtoto hamsahihishi katekista katika mambo ya Kanisa. Uongo. Ulinifundisha kusahihisha hata Padri akiruka jina la mtakatifu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Bonifasi nilikuwa nimemwona mara nne, zote mbele ya watu, amekaa wima kwenye kiti na shati limefungwa mpaka kooni. Nilijua anatengeneza mashine za maboti na kwamba ana mama mkali. Zaidi ya hayo sikujua kitu. Nami nilikuwa mtoto wa mashamba ya mpunga, natakiwa kwenda kuishi ziwani kati ya wavuvi wanaoongea kwa kupiga kelele. Sikutaka kumkataa. Nilitaka siku. Siku tu, Papa, na sikujua siku zinaombwa vipi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Kristo Mfalme na wewe ukatusalisha sala za Jumapili ya kawaida. Niliitikia kwa sauti ndogo kuliko wote.

Halafu ikafika tarehe 27. Hiyo huwezi kuisahau. Padri mpya alikuja kwa pikipiki, ametapakaa matope mpaka magotini, akafungua mkoba wake akatoa vazi la zambarau. Akainua macho akaona altare imetandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na maua, na wewe umesimama pembeni umevaa koti lako la sikukuu.

"Katekista, hii nyeupe ni ya nini?"

"Kristo Mufalme, Padri."

"Kristo Mufalme ilipita. Leo tunaanza Majilio."

Nilikuwa kwenye benchi la kwanza la kwaya. Nilikuona unafungua mkono wako wa kulia na kuviangalia vidole, kimoja kimoja, kama vimekusaliti. Kisha ukasema polepole, "Yezu wangu. Na arusi?"

Mlitoka nje kidogo, wewe na Padri na Mwalimu Petero. Kitambaa kikabadilishwa. Misa ikaendelea. Mwishoni, kwenye matangazo, ukasimama mbele. Hukujikuna kichwa, hukutafuta maneno ya kujikinga. Ukaangalia upande wetu wanakwaya, ukatabasamu, ukasema:

"Ndugu zangu, arusi ya mutoto wangu haitakuwa siku ya posho. Majilio imeanza leo, na minye katekista wenu sikujua. Nilihesabu Jumapili tatu. Musimukasirikie Padri, musimukasirikie muntu yeyote. Kosa ni yangu. Arusi itakuwa kisha Noeli, tarehe makumi tatu na moja. Tutangoja. Na penye tunangoja, tufurahi, sababu kungoja bila furaha ni kuchelewa tu."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Kabla hujafika nyumbani, watoto walikuwa wanakuita Jumapili Tatu, na jina halikukutoka tena. Sokoni Luberizi walikuita hivyo. Wauza mbolea walikuita hivyo. Mwanafunzi wako wa komunyo ya kwanza alikosea hesabu akasema amefuata mfano wa katekista. Kila ulipoitwa uliitikia "Niko!" kwa sauti ya furaha, nami kila mara nilijisikia vibaya.

Siku ya pili walikuja Bonifasi na baba yake mdogo. Yule mzee alikuwa amekasirika kwelikweli. Viti vilikwisha agizwa, ndugu wa Fizi walikuwa njiani. Akasema mbele yako, "Katekista gani hajue Majilio?" Mama alitaka kuingia chini ya meza. Wewe ukamjibu, "Iko mbele yako, mukwe wangu, muangalie vizuri." Na hapo Bonifasi akacheka. Alicheka mpaka akafungua kifungo cha juu cha shati. Ilikuwa mara ya kwanza kuona shingo ya mume wangu.

Akasema, "Papa, kama arusi imesogea, minye nitakuwa nakuja kila posho. Nisikae bure."

"Unajua kupanda mupunga?"

"Hapana."

"Basi utakuja kujua."

Majilio yale, Papa, ndiyo nimeishi kwayo mpaka leo. Jumamosi ya kwanza, ile iliyotakiwa kuwa ya arusi, Bonifasi alikuja na beseni ya ndagala, dagaa wa ziwani, nyuma ya pikipiki. Mkaingia shambani. Alipanda miche mstari ukipinda kama njia ya mlevi, ukamrudisha aanze upya, ukamrudisha tena, na mara ya tatu akaanguka kifudifudi ndani ya maji. Nilikuwa ukingoni na chakula chenu. Niliogopa atakasirika, maana mwanaume aliyeaibishwa mbele ya mchumba ni hatari. Akainuka matope mpaka kwenye nyusi akasema, "Papa, ule mustari sasa iko sawa, nimeulalia." Siku ile nilijua jambo moja juu yake, na lilikuwa jema.

Jumamosi ya pili mvua ilikata njia. Tulidhani hatakuja. Alifika mchana kwa miguu, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba, akiomba msamaha kwa kuchelewa. Mama alimpa maji ya moto na kanga yake ajifunge. Pombe ya arusi, ile iliyokuwa imekwisha iva na haikuweza kungoja Noeli, ulikuwa umeliita shirika letu lote, jumuiya yetu ya sala, waje kuinywa, ukasema hii ni mazoezi. Watu walicheza mazoezi yale mpaka jua likaanza kushuka, na Bonifasi akacheza na kanga ya Mama kiunoni.

Na ile Jumapili ya furaha, ya tatu ya Majilio! Mama alikuwa amesimika mishumaa minne kwenye kipande cha mgomba, mitatu imezungushiwa karatasi ya zambarau. Wa waridi hatukuwa nao. Wewe ndiye uliyekwenda kwenye sanduku la magauni, ukakata kipande cha ile satini inayoumiza macho, ukaufunga mshumaa kama mtoto mchanga. Bonifasi alilala kwa jirani siku ile ili asali nasi, akakuuliza kwa nini mmoja una rangi tofauti. Ukamwonyesha Mama jikoni.

"Mama wa mwanamuke wako, akipika, anaonja muchuzi mbele ya wageni kufika. Si njo hivyo? Na huu mushumaa, ni kuonja. Kanisa inasema: sikukuu bado, lakini onjeni kidogo, mujue iko inakuja."

Nami nikaonja, Papa. Nilikuwa nimeiba siku zile kwa woga, na sasa nikawa naamka Jumatatu nikihesabu zimebaki ngapi mpaka Jumamosi.

Juma lile Padri alikuja kusikiliza maungamo. Nilikwenda. Nikasema dhambi zangu ndogondogo kwanza, kisha karatasi ya kwaya. Padri, nafikiri, alikuwa anazuia kicheko, halafu akanipa malipizi ya dhambi. Si rozari. Alisema, "Kamwambie baba yako." Basi.

Nilijaribu, nakuapia. Mara ya kwanza ulikuwa unanyoa ndevu na wembe uko shingoni, nikaona si wakati. Mara ya pili ulikuwa unaimba. Mara ya tatu ni asubuhi ya arusi yenyewe, umesimama mlangoni unaningoja nitoke na gauni jeupe. Nikasema, "Papa, nina neno." Ukasema, "Sema, mwanangu." Nikakuuliza kama umekula. Ukasema umekula. Tukaenda kanisani.

Jumamosi ya nne ya kungoja ilikuwa kesha la Noeli. Sijakusimulia hiyo. Uliniruhusu nimsindikize Bonifasi hadi barabarani, dada zangu wawili wakiwa nyuma wanajifanya wanaokota kuni. Nikamuuliza bila kuzunguka kama ana uhakika na mimi. Akasema, "Minye iko naogopa sana, Goreti. Mama yangu ananiuliza kila siku juu ya nini sili. Lakini naogopa na nataka kuja." Nikamwambia nami vilevile. Tulisimama pale tukicheka, watu wawili wenye woga, mpaka pikipiki ikaja. Niliporudi uliniuliza kuna nini, nikasema hakuna, na wewe ukaendelea kufuma kikapu.

Umekwenda miaka miwili sasa, malipizi yangu hayajatimizwa. Bonifasi anajua yote, nilimwambia siku tatu baada ya arusi, akaona ni jambo zuri kuliko yote aliyosikia. Ananitania kila Novemba. Lakini Majilio ya mwaka huu mtoto wetu mkubwa anajifunza komunyo, na majuzi alikuja ananieleza jinsi ya kuhesabu Jumapili nne, akamaliza kwa kukutaja wewe, babu yake: "Musifanye sawa Koko, Koko alihesabu tatu." Hapo nikasema imetosha. Kama Papa hayupo, Mama yupo.

Jumamosi nilipanda pikipiki mpaka Nyakabere. Mama alikuwa ameketi uani anachambua mchele. Amekonda kidogo lakini macho yake bado yanaokota kila kijiwe. Nikakaa kwenye kigoda chako. Nikasema, "Mama, mwaka wa arusi yangu, ile siku ya Majilio, Papa hakukosa peke yake."

Hakuinua kichwa. "Ile karatasi ya kwaya?" akasema.

Nilikuwa bado sijataja karatasi yoyote.

"Papa wako alijua, Goreti. Pale walitoka inje na Padri, alimuuliza Petero juu ya nini hakumwambia tarehe. Petero akasema karatasi iko kwako, wiki nzima. Papa wako akamukataza kusema. Kisha akaingia, akasali misa, akasimama mbele ya watu."

Nikamuuliza wewe ulimwambia nini.

"Minye niliwaka. Nilisema nitakuita, nikuulize vizuri. Akanishika mukono. Akasema, 'Mutoto anaomba siku. Hajue namna ya kuziomba. Tumupatie.' Kila posho mukiwa shambani alikuwa ananiambia, angalia uso yake, iko inafunguka."

"Na jina? Watu walivyokuwa wanamucheka?"

"Alilipenda. Alisema ni zawadi yake ya arusi."

Nililia pale, Papa, kisha nikacheka, kisha vyote viwili pamoja, mpaka kuku wakaondoka uani. Mama akanipa ungo nimsaidie kuchambua, nadhani ili mikono yangu ipate kazi. Jumapili ijayo nitakwenda tena Nyakabere, na baada ya misa nitaomba nafasi kwenye matangazo. Sitakuondolea jina, kaa nalo. Ila wajue tulilipata sisi wawili.

Lakini si hilo lililonifanya nichomoe karatasi za mtoto asubuhi hii. Ni lile nililomuuliza Mama nikiwa tayari nimefunga kilemba kurudi Uvira. Nilimuuliza kwa nini hukuniambia kwamba unajua, miaka yote ile, wakati nakuja na watoto, nakaa nawe uani, naanza sentensi na kuiacha. Mama akapeperusha pumba, akasema:

"Alikuwa anangoja. Nilimuambia mara mingi, muulize, amalize. Alikuwa anakataa. 'Atasema siku yenye atakuwa tayari. Minye sina haraka, Mama Goreti, na nikimuona anakuja, nasikia raha.' Hata mu ugonjwa, ukiingia mu nyumba, alikuwa ananiangalia mie, kama anasema, pengine ni leo."

Murakoze cane, Papa, asante sana. Nimesema sasa. Umengoja sana.

Binti yako wa kwanza,
Goreti